Kadi ya laptopu ndani ya kompyuta ya mezani: kuingia si kufanya kazi

Leo siandiki siasa wala bei ya unga. Naandika kuomba radhi, na ndani ya kuomba radhi nieleze jambo ambalo lingetuokoa hasara mimi na mpwa wangu lau ningelieleza vizuri tangu mwanzo.

Jambo lenyewe ni hili: kuchukua kadi iliyotolewa kwenye laptopu, iwe ya Wi-Fi, ya modemu au ya kuhifadhia data, ukaitia kwenye kompyuta ya mezani na ikafanya kazi. Yawezekana, tena kwa pesa chache. Lakini kuna mtego mmoja, na mimi mwenye diploma yangu ya elektroniki nilimwingiza kijana katika mtego huo kwa simu, nikiwa nimekaa barazani Mombasa na kikombe changu cha kahawa.

Simu kutoka Ruiri

Dada yangu aliolewa Meru miaka mingi iliyopita, na sasa wanakaa Ruiri. Kwa wasiopajua, Ruiri iko eneo bunge la Buuri, ukitoka Meru mjini na kuteremka upande wa Isiolo. Si Meru ile ya baridi na ukungu tuliyozoea kuisikia. Huku chini kuna jua, upepo na vumbi.

Mwanawe wa kwanza ana saiba ndogo pale sokoni: kompyuta tatu za mezani zilizokwisha kutumika ng'ambo, printa moja na mashine ya kutoa kopi. Karo ya mdogo wake wa kike hutoka humo.

Intaneti ilikuwa ikiingia kwa waya kutoka kwenye ruta iliyokuwa chumba cha pili. Chumba kile kikapata mpangaji mwengine, ukuta ukapigwa plasta, waya ukakatwa, na mwenye nyumba akakataa ukuta wake kutobolewa tena. Ruta ikahamia duka la jirani, hatua kama ishirini hivi, na njia iliyobaki ikawa Wi-Fi peke yake. Kompyuta zile za mezani hazina Wi-Fi. Hayo yote yakatokea msimu wa wanafunzi waliomaliza kidato cha nne kuomba nafasi za vyuo kupitia KUCCPS. Huo ndio msimu ambao saiba huvuna.

Akanipigia. "Mjomba, shikamoo. Nina laptopu hapa, kioo chake kimepasuka lakini Wi-Fi yake ilikuwa nzuri. Naweza kutoa kadi yake nikaitia kwenye kompyuta ya mezani?"

Nikamjibu upesi, kwa sauti ya mtaalamu: "Marahaba, mwanangu. Waweza. Nunua adapta ya M.2, chomeka kadi, umemaliza."

Akaagiza adapta Nairobi, shilingi 1,400 pamoja na nauli ya kifurushi. Kadi ikaingia sawasawa, skurubu ikakaza. Akawasha kompyuta: hakuna kitu. Akanipigia tena, nami badala ya kumuuliza kadi yake yaitwaje, nikamwambia adapta ni mbovu, aagize nyengine. Akaagiza. Ya pili nayo ikawa vilevile.

Baada ya siku mbili akapiga dada yangu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba pesa ya adapta ya pili mtoto aliikopa kwenye chama chake yeye mama, na kwamba wanafunzi sasa wanapanda matatu kwenda Meru mjini kufanya maombi yao. Usiku ule nilikata tikiti ya basi. Nilibeba bisibisi zangu na kadi mbili kuukuu kutoka kwenye kopo langu la vyuma.

Kwa nini kadi hizi hukubali kuhama

Nianze na msingi. Laptopu na kompyuta ya mezani zaonekana vitu viwili, lakini ndani huzungumza lugha moja inayoitwa PCI Express. Katika kompyuta ya mezani lugha hiyo hupita kwenye sloti, yaani ile mitaro ya plastiki iliyo juu ya bodi kuu. Sloti ndogo kabisa ina njia moja ya data, na ile ndefu ya kadi ya picha ina njia kumi na sita.

Kadi ya Wi-Fi ya laptopu hutumia njia moja tu. Njia moja ya PCI Express ya kizazi cha kwanza hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde kila upande, na ya kizazi cha pili 500. Hiyo ni zaidi ya intaneti ya saiba yoyote ninayoijua. Kwa hiyo hata kompyuta ya zamani haiibani kadi.

Kwa sababu lugha ni moja, adapta haitafsiri chochote. Ni kibao chenye nyaya zinazotoka kwenye umbo dogo la laptopu kwenda kwenye umbo kubwa la mezani. Umeme wa kadi ni volti 3.3, na sloti ya PCI Express inao. Ndiyo maana adapta ni rahisi kwa bei, na ndiyo maana huharibika mara chache. Ningekumbuka hilo siku ile, nisingemwambia mtoto wa watu anunue ya pili.

Ijue kadi yako ni ya ukoo gani

Kabla ya kununua adapta, itoe kadi na uitazame. Kuna koo nne ambazo huenda ukakutana nazo.

Ya kwanza ni PC Card, ile kadi ya bati yenye ukubwa wa kitambulisho, iliyokuwa ikisukumwa ubavuni mwa laptopu za zamani. Ina mashimo 68. Zile za baadaye, ziitwazo CardBus, zilianza 1995 na hutambulika kwa ukanda wa rangi ya dhahabu wenye vinundu karibu na mdomo wa kadi. Hizi zinatokana na PCI ya zamani, si PCI Express, hivyo zahitaji adapta yenye chipu ya kuunganisha na kompyuta yenye sloti ya PCI ya zamani. Kama huna kifaa maalumu kinachotegemea kadi hiyo, usijisumbue.

Ya pili ni ExpressCard, iliyoingia 2003 kuchukua nafasi ya PC Card. Upana wake ni milimita 34 au 54, na ndani yake zimo njia mbili kwa pamoja: PCI Express na USB. Adapta yake ipo, ila hakikisha ina waya wa USB, kwa sababu kadi nyengine hutumia upande huo tu.

Ya tatu ni Mini PCI Express, kibao kidogo cha upana wa milimita 30 chenye pini 52, kinachokaa ndani kabisa ya laptopu. Nayo pia ina PCI Express na USB. Hapa jihadhari na jambo moja: kuna diski ndogo ziitwazo mSATA zenye umbo lilelile na pini zilezile 52, lakini ndani huzungumza lugha ya diski. Ukiitia diski ya mSATA kwenye adapta ya Wi-Fi, itaingia vizuri sana na haitafanya lolote.

Ya nne ni M.2, ndiyo ya laptopu nyingi za leo. Upana wake ni milimita 22. Ukiona imeandikwa 2230, maana yake ni upana 22 na urefu 30. Ukiona 2280, urefu ni 80. Meno yake yana mapengo, na kila pengo lina herufi. Kadi za Wi-Fi hutumia herufi A na E. Modemu za laini ya simu hutumia B. Diski za kasi hutumia M. Adapta ya Wi-Fi haipokei diski, na adapta ya diski haipokei Wi-Fi.

Mtego wenyewe

Sasa tufike pale tulipoumia. Nilipofika Ruiri, baada ya salamu na chai, niliomba nione kadi. Ilikuwa M.2, upana 22, urefu 30, pengo la E, safi kabisa. Nikavaa miwani nikasoma lebo: Intel AX201.

Nilinyamaza. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, imeungua?" Nikamwambia, "Haikuungua. Ni mimi sikuuliza."

Kadi ya Wi-Fi ya kawaida ina kila kitu juu yake: redio inayorusha na kupokea mawimbi, na ubongo unaopanga data. Intel ikatengeneza aina nyengine iitwayo CNVi. Katika aina hiyo sehemu kubwa ya ubongo imehamishiwa ndani ya chipu za bodi ya laptopu, na juu ya kadi imebaki redio. Kadi huwa rahisi kwa kiwanda. Lakini haizungumzi tena PCI Express. Huzungumza na nusu yake iliyo kwenye bodi, kwa lugha yao wawili.

Ukiing'oa kadi hiyo ukaitia kwenye adapta, umeng'oa mdomo ukaacha kichwa. Kompyuta ya mezani haina ile nusu ya pili, kwa hiyo haioni chochote. Hata onyo halitokei. Ufunguo umeingia kwenye kufuli na haufungui, na kosa si la kufuli wala la ufunguo.

Shika namba hizi. Za CNVi, ambazo hazifai kwenye adapta, ni Intel 9461, 9462, 9560, AX201 na AX211. Zilizokamilika, ambazo zafaa, ni 7260, 8260, 8265, 9260, AX200 na AX210. Tazama jinsi zinavyokaribiana: AX200 na AX201 hufanana sana kwa macho, na kasi yake ni moja. Tofauti ni tarakimu moja kwenye lebo, na tarakimu hiyo ilimgharimu mpwa wangu wiki nzima ya kazi. Kadi za makampuni mengine kama Realtek, Qualcomm na MediaTek kwa kawaida hutumia PCI Express, lakini nazo isome namba yake uiangalie kabla ya kutoa pesa.

Tulivyofanya, hatua kwa hatua

Kopo langu lilikuwa na 8265 moja na AX200 moja, zote kutoka kwenye laptopu zilizokufa. Adapta mbili za mpwa wangu, zile nilizozisingizia ubovu, zilikuwa nzima. Tulianza kazi baada ya swala ya isha, saiba ikiwa imefungwa.

Kwanza, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde chache. Kompyuta iliyozimwa tu bila kuchomolewa bado ina umeme kidogo kwenye bodi. Ukiona kitaa kidogo kinawaka kwenye bodi, usitie mkono.

Pili, shika bati la kasha kabla ya kugusa kadi, na urudie kila mara. Sisi wa pwani hatulijali sana jambo hili kwa sababu hewa yetu ina unyevu. Adui yetu ni chumvi na kutu. Ruiri hewa ni kavu, na mwili hukusanya umeme ukitembea au ukivua sweta. Cheche usiyoisikia yatosha kuua chipu.

Tatu, puliza vumbi kwenye sloti. Tulitumia brashi mpya ya kupakia rangi. Sloti moja ilikuwa imejaa vumbi jekundu hata pini hazionekani.

Nne, itie kadi kwenye adapta kwa kuiinamisha kama nyuzi thelathini, isukume mpaka mwisho, ilaze, ndipo ukaze skurubu. Ukiona meno ya dhahabu yamejitokeza sana, haijafika.

Tano, unganisha nyaya za antena. Vichwa vyake ni vidogo kama mbegu ya ufuta, na vya M.2 ni vidogo kuliko vya Mini PCI Express, kwa hiyo nyaya za moja haziingii kwenye nyengine. Kiweke kichwa juu ya kitako chake wima, ukibonyeze kwa kucha mpaka kilie. Ukikilazimisha kwa upande utakivunja. Kadi bila antena itaonekana kwenye kompyuta lakini itaona ruta iliyo mbele ya pua yake tu, nawe utadhani kadi ni mbovu.

Sita, usisahau waya wa Bluetooth. Wi-Fi hupita PCI Express, lakini Bluetooth ya kadi hizi hupita USB, na sloti ya mezani haina USB ndani yake. Ndiyo maana adapta huja na waya mwembamba wa kuchomeka kwenye pini tisa za USB zilizo kwenye bodi. Usipouchomeka, Wi-Fi itafanya kazi na Bluetooth haitakuwepo. Baadhi ya kompyuta za maofisini hupanga pini hizo kwa njia yao wenyewe. Kama mpangilio haufanani na waya wako, acha. Wateja wa saiba wanaweza kutuma picha zao kwa njia nyengine, na bodi iliyoungua hairudi.

Saba, kisahani cha bati. Kompyuta zile zilikuwa za kasha jembamba, na adapta zilikuja na bati refu lililogonga mfuniko. Mpwa wangu alikuwa amezitia bila bati, zikining'inia. Nikamuuliza, "Maboksi yako wapi?" Akayatoa chini ya meza. Ndani ya kila boksi kulikuwa na bati fupi, alidhani ni takataka ya kufungashia.

Tukawasha ya kwanza, yenye 8265. Ikaiona kadi.

Ikikataa, sikiliza inakataa vipi

Ya pili, yenye AX200, iliiona kadi lakini kwa alama ya manjano kwenye orodha ya vifaa ya Windows. Hapa nataka msomaji akae na tofauti hii, kwa sababu ndiyo itakayokuokolea pesa.

Kadi ikionekana ikiwa na alama ya manjano au ikiitwa kifaa kisichojulikana, bodi imeiona na yanayokosekana ni maelekezo, yaani draiva. Hiyo ni tiba ya programu, haina gharama. Ikiwa haionekani popote, bodi haijaiona, na hakuna draiva duniani itakayosaidia. Hapo chunguza mambo matatu tu: kadi imefika mwisho wa tundu lake, sloti haijazimwa kwenye mipangilio ya kompyuta inapoanza kuwaka, na kadi si ya CNVi wala ya lugha nyengine. Mpwa wangu alishinda siku mbili akipakua draiva za AX201 kwenye simu, kwa bando la kununua, kwa kadi ambayo bodi haikuwahi kuiona.

Draiva utaipata wapi kama kompyuta haina intaneti, na intaneti ndiyo unayoitafuta? Unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe ile huduma ya kugawa intaneti. Kompyuta itaiona simu kama waya wa mtandao. Pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi yenyewe, kisha chomoa simu. Kwa AX200 tulimaliza kwa dakika chache. Kwa wanaotumia Linux, draiva za kadi za Intel nilizozitaja zimo tayari.

Antena za kompyuta ya pili zilikuwa nyuma ya kasha, zimebanwa baina ya bati na ukuta, na mawimbi yakawa dhaifu. Tuligeuza kasha ili mgongo uelekee duka la jirani. Hilo tu, na mawimbi yakajaa.

Modemu na diski

Kwa kuwa wasomaji wengi wana laptopu zilizokufa ndani ya kabati, niongeze mawili kwa ufupi.

Kama laptopu yako ilikuwa na mahali pa laini ya simu, ndani yake mna kadi ya modemu. Nyingi za kadi hizo hupitisha data kwa USB, hata kama umbo lake ni Mini PCI Express au M.2. Hazihitaji sloti. Nunua adapta ndogo ya USB yenye kitundu cha laini, na uangalie kama laini ya mtandao wako huikubali kadi hiyo. Mahali ambapo waya wa intaneti haujafika, hiyo ni njia nzuri.

Na diski ya M.2: ikiwa ni ya NVMe, adapta yake ya PCI Express ni rahisi na kompyuta ya mezani itaisoma. Hivi ndivyo watu huokoa picha za arusi na vitabu vya hesabu vya duka kutoka kwenye laptopu iliyokufa, mradi hazikufungwa kwa siri ya usalama ambayo mwenyewe ameisahau. Lakini usitarajie kompyuta ya zamani iwake kutoka kwenye diski hiyo. Nyingi za kabla ya 2014 au karibu na hapo hazijui kuanzia kwenye NVMe, japo zitaisoma kama ghala. Ikiwa diski ni M.2 ya SATA, adapta hiyo haiisomi. Yahitaji adapta yenye waya wa SATA.

Kompyuta ya tatu

Ilikuwa saa tano za usiku na tulikuwa na kompyuta mbili zinazofanya kazi. Ya tatu haikuwa na kadi. Nilikuwa nataka kumwambia mpwa wangu anunue kile kidude cha Wi-Fi cha kuchomeka USB, na hapa niseme kwa uaminifu: kwa mtu asiye na kadi mkononi, kidude hicho ndicho chaguo la busara. Ni rahisi, hakina mitego hii, na ukihama unahama nacho. Adapta inafaa unapokuwa na kadi nzuri tayari, au unapotaka antena kubwa na mawimbi yasiyoyumba.

Lakini niliishika ile AX201 mkononi nikafikiri: kadi hii ni ya kisasa kuliko kompyuta hizi zote. Basi je, bodi iliyotoka? Tukairudisha kadi kwenye laptopu, tukarudisha nyaya za antena, tukaunganisha laptopu na skrini ya ile kompyuta ya tatu kwa waya wa HDMI, tukachomeka kibodi na kipanya. Ikawaka. Ikashika Wi-Fi papo hapo. Kioo kilichopasuka tukakiacha kimefunikwa nyuma ya skrini, hatukukitoa, kwa sababu antena za laptopu zimezungushwa ndani ya mfuniko huohuo.

Ile laptopu tuliyokuwa tukiichinja kwa ajili ya kadi moja ndiyo ilikuwa mashine bora kuliko zote tatu. Mpwa wangu akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Wiki nzima jibu lilikuwa juu ya meza, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu mjomba mtaalamu alikwisha sema.

Wasia

Wazee wetu walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Sawa, lakini safari hii aliyepotea ni mimi na aliyelipa nauli ni mwengine. Kabla sijaondoka Ruiri nilimpa dada yangu bahasha yenye pesa ya adapta ya pili arudishe kwenye chama. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea. Pesa ya wanafunzi waliokwenda Meru mjini wiki ile siwezi kuirudisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, wakikuuliza jambo hili, usijibu "waweza" kama nilivyojibu mimi. Uliza maswali manne. Kadi inaitwaje, namba kamili ya kwenye lebo? Umbo lake ni lipi? Kompyuta ya kuitia ina sloti gani iliyo wazi? Na laptopu iliyotoka kadi ina ubovu gani hasa? Majibu ya hayo yapatikana kwa picha mbili za simu, bila kufungua pochi. Na wewe unayeuliza, mtaalamu akikujibu kabla hajakuuliza chochote, muulize mwengine.

Asubuhi, nikingoja matatu ya kwenda Meru mjini, nilipita mbele ya saiba. Wanafunzi watatu walikuwa wamekaa, kila mmoja na mashine yake, na wa nne amesimama mlangoni na karatasi zake mkononi. Mpwa wangu hakuniona. Alikuwa akimweleza mmoja wao mahali pa kubonyeza.

Wabillahi tawfiq.